Sauti Imesafishwa, Mbona Imeharibika? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kuondoa Kelele Katika Video

Safu hii hupokea maswali ya kila aina kuhusu kompyuta na simu, lakini kwa toleo hili tumeona ni vyema tuyaweke pamoja yale yanayohusu jambo moja: sauti ya video ambayo mhariri wake alikusudia kuiondolea kelele, akaishia kuiharibu au akakuta kelele iko palepale. Barua tumezifupisha. Kuna neno moja linalowahusu waandishi wote: msiamue chochote kwa kusikiliza kupitia spika ya simu au ya kompyuta mpakato, kwa maana spika hizo ndogo hazina uwezo wa kutoa sauti nzito za chini, na mvumo usiousikia wewe ndio huo utakaomkera mtazamaji mwenye spika kubwa sebuleni. Vaeni hedifoni, hata kama ni za bei nafuu.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kemia hapa Dodoma. Jioni hurekodi masomo nikiwa nyumbani, ambako pangaboi haliwezi kuzimwa kwa sababu ya joto. Sauti huisafisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kabla ya kuirudisha kwenye video. Mvumo wa pangaboi unaondoka kweli, lakini sauti yangu inabaki kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa, na mwishoni mwa maneno husikika milio midogo ya ajabu ambayo haikuwapo mwanzoni. Nimeongeza nguvu ya kichujio hadi mwisho, hali ikazidi kuwa mbaya. Je, programu yangu ina kasoro?
— *Mwalimu, Dodoma*

Jibu: Programu yako ni nzima, Mwalimu. Tatizo ni kwamba umeiagiza iondoe kelele nyingi kuliko inavyoweza kuitambua, na ili uelewe kwa nini hali ilizidi kuwa mbaya ulipoongeza nguvu, inafaa ujue kinachofanyika ndani yake. Njia inayotumiwa na Audacity ni ya ukoo mmoja na ile iliyoelezwa na Steven Boll katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu kupunguza kelele katika usemi. Sauti hukatwa vipande vifupi sana, kila kipande hugawanywa katika mamia ya masafa kuanzia mazito hadi membamba, kisha katika kila masafa kompyuta huuliza swali moja tu: je, nguvu iliyopo hapa inazidi ile ya kelele niliyoonyeshwa? Ikizidi, huiacha ipite, isipozidi, huishusha. Kompyuta haijui kwamba hii ni sauti ya mwalimu na ile ni ya pangaboi. Inajua vipimo tu.

Milio midogo unayoisikia huzaliwa hapo. Kelele haina nguvu ileile kila wakati. Hupanda na kushuka kidogo, na pale kipande kimoja kinapoponyoka juu ya kizingiti huku majirani zake wote wamezimwa, hubaki peke yake kama mlio wa filimbi wa muda mfupi. Sauti ya pipa nayo hutokana na kosa la upande wa pili, yaani sehemu za sauti yako zilizo hafifu kuliko kizingiti kuondolewa pamoja na kelele. Ni sawa na kupepeta mchele: ukiutikisa ungo kwa nguvu kupita kiasi, chenga nazo huruka pamoja na pumba. Wa kwanza kuumia katika Kemia ni herufi kama *s* na *f*, ambazo nguvu yake nyingi iko katika masafa ya juu na tena ni kidogo kuliko ile ya irabu. Sikiliza tena somo lako mahali unapotamka "asidi" au "fosfeti"; bila shaka utakuta irabu zimesimama vizuri ilhali herufi hizo zimebaki pumzi tu.

Anza upya na sampuli, yaani kile kipande cha kelele tupu unachoionyesha programu. Sampuli ya kelele ichukuliwe ndani ya rekodi ileile, pangaboi likiwa kwenye kasi ileile uliyofundishia, na isiwe na pumzi yako, mlio wa kiti wala kelele za watoto wa jirani. Pangaboi lina tabia ambayo feni ya mezani haina kwa kiasi kikubwa: sauti yake hupanda na kushuka kadiri mapanga yanavyopita juu ya maikrofoni, kwa hiyo sampuli ya nusu sekunde inaweza kunasa upande mmoja tu wa mzunguko. Chukua sekunde tatu au nne. Njia nzuri ni kukaa kimya kabisa kabla ya kusema "Habari zenu wanafunzi", badala ya kuanza kuwinda ukimya katikati ya somo baadaye.

Kisha shusha kipimo cha upunguzaji hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), usikilize, na usivuke 12 ila kwa sababu inayoeleweka. Kitelezo cha "Sensitivity" ndicho kinachopanua au kubana kile kinachohesabiwa kuwa kelele. Wengi hukipandisha wakidhani kinaongeza usafi, kumbe kinaongeza hasara. Kile cha "Frequency smoothing" hutandaza upunguzaji kwenye masafa jirani, na kikipandishwa kidogo hutuliza ile milio ya filimbi, ingawa kikizidi hufifisha maneno.

Sasa kuna chombo ambacho watu wachache hukigusa, nami nakithamini kuliko vitelezo vyote vitatu. Chini ya dirisha hilohilo kuna chaguo liitwalo "Residue". Ukilichagua na kubonyeza kitufe cha kusikiliza majaribio, Audacity haitakusikilizisha sauti iliyosafishwa. Itakusikilizisha kile kinachotupwa. Ukisikia mvumo wa pangaboi peke yake, uko salama. Ukisikia silabi, au ukaweza hata kufuata somo kwa mbali, basi unatupa sauti yako mwenyewe na huna budi kurudi nyuma. Ukimaliza kusikiliza, rudisha chaguo kwenye "Reduce" kabla ya kukubali, la sivyo utabaki na takataka na kupoteza somo.

Usilenge ukimya mtupu. Mvumo hafifu usiobadilika haumsumbui mwanafunzi, kwani sikio huuzoea baada ya muda mfupi. Kinachomchosha ni sauti inayokatika na kurudi. Na kama maikrofoni yako iko umbali wa mita moja, isogeze hadi nusu mita: kupunguza umbali kwa nusu huongeza sauti yako kwa takriban desibeli 6 dhidi ya pangaboi, yaani faida ileile uliyokuwa ukiitafuta kwenye kitelezo, bila kuharibu hata herufi moja. Jambo la mwisho ni mpangilio wa kazi. Ondoa kelele kwanza, ndipo upandishe sauti na kuibana ili iwe sawia. Ukitanguliza kubana, sehemu hafifu huinuliwa, pangaboi nalo likiwamo, na sampuli uliyoichukua awali haitalingana tena na kelele iliyopo.

Mhariri, kila nikifungua menyu ya vichujio katika Audacity, maandishi yote ni ya kijivu na hayabonyezeki. Nikibahatika kufungua dirisha la kupunguza kelele na kumaliza hatua zote, kelele inaondoka mwanzoni tu mwa rekodi, sehemu nyingine inabaki vilevile.
— *Mwanafunzi wa chuo, Arusha*

Jibu: Haya ni mambo mawili yasiyohusiana. Menyu huwa ya kijivu kwa sababu umeisitisha sauti kwa muda badala ya kuisimamisha kabisa. Bonyeza kile kitufe cha mraba, nayo itafunguka. Matoleo mapya hulishughulikia jambo hili yenyewe, kwa hiyo huenda unatumia la zamani. Kuhusu kelele kuondoka mwanzoni tu, umesahau kwamba kazi hii ina awamu mbili. Katika awamu ya kwanza uliichagua ile sehemu fupi yenye kelele tupu na kubonyeza "Get Noise Profile", dirisha likajifunga. Kabla ya kulifungua mara ya pili, ni lazima uichague rekodi nzima, kwani programu husafisha kilichochaguliwa tu, na wewe bado ulikuwa umechagua zile sekunde chache za mwanzo.

Mheshimiwa Mhariri, napiga video za harusi mjini Morogoro. Katika ukumbi mmoja tulichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya mshereheshaji, na nilipofika ofisini nikakuta mvumo mzito chini ya hotuba zote. Nilitumia kichujio cha mvumo cha Premiere Pro, programu yangu ya kuhariri video, nikavuta kitelezo hadi mwisho, lakini wapi. Wiki iliyofuata sherehe ilifanyika uwanjani kwa umeme wa jenereta, yakawa yaleyale. Maharusi wananidai video yao.
— *Mpiga video, Morogoro*

Jibu: Tuanze na ukumbi. Umeme wa Tanzania, kama ule wa Kenya na Uganda, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ilhali wa Marekani huenda na kurudi mara 60. Vichujio vya mvumo hutolewa na machaguo yote mawili, na mtu asipoangalia anaweza kuwa anatumia lile la 60. Mvumo wako uko kwenye hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na juu yake kuna vizidisho vyake, yaani 100, 150, 200 na kuendelea. Kichujio cha 60 hukata 60, 120, 180 na 240. Hukutana na mvumo wako kwa mara ya kwanza kwenye 300, ambako hakuna tena kitu kikubwa cha kukata. Ndiyo maana ulivuta kitelezo hadi mwisho na mvumo haukutikisika. Badilisha uweke 50. Msomaji anayerekodi Oman naye achague 50, lakini aliyeko Saudia achague 60.

Ukishabadilisha, kuwa mpole. Sauti ya mwanamume mtu mzima huanzia takriban hezi 85 na kupanda, kwa hiyo vizidisho vya 100 na 150 vimekaa ndani ya kifua chake hasa, na ukikata kwa upana utamwacha baba wa bwana harusi akisikika kama anazungumza kwa simu. Kata kwa wembamba, na uondoe vizidisho vile tu vinavyosikika. Utavijua kwa kufungua picha ya masafa: mvumo wa umeme huonekana kama mistari iliyonyooka, iliyopishana kwa hatua sawa tangu mwanzo wa klipu hadi mwisho, ilhali usemi hupinda na kukatika. Mara nyingi mstari wa 100 au 150 huwa mkubwa kuliko wa 50 wenyewe.

Chanzo cha mvumo wa namna hii kumbini kwa kawaida ni mikisa kuchomekwa kwenye soketi moja na kinasa chako kwenye soketi nyingine ya mbali, halafu vikaunganishwa kwa waya wa sauti. Tumia soketi moja kwa vyote viwili, au kitumie kinasa chako kwa betri, au weka kati yao kisanduku cha transfoma cha kutenganisha. Nimeona mafundi wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo unyamaze. Unanyamaza kweli, lakini siku kifaa kikipata hitilafu, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa mwili wa mshereheshaji aliyeshika maikrofoni. Msifanye hivyo.

Jenereta ni habari nyingine. Kwanza tambua kama unasikia umeme au unasikia injini, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Jenereta nyingi ndogo za petroli huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, lakini mzigo ukiongezeka, kwa mfano spika kubwa zinapoanza kupiga, injini hulemewa na kasi kushuka kidogo, na mvumo hushuka nayo hadi 49 au 48. Kichujio chembamba kilichowekwa 50 kamili kitakuwa kinakata hewa. Ukiona kwenye picha ya masafa kwamba mistari imepinda badala ya kunyooka, kata klipu katika sehemu na kila sehemu uirekebishe peke yake. Ama kama unasikia injini yenyewe kupitia hewani, kumbuka kwamba injini ya silinda moja yenye mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 25 kwa sekunde, na baadhi ya vizidisho vyake huangukia 75, 125 na 175, katikati kabisa ya mianya ambayo kichujio cha 50 hakiigusi. Hapo kichujio cha mvumo si dawa. Tumia njia ya sampuli niliyomweleza mwalimu wa Dodoma, na siku nyingine omba jenereta liwekwe nyuma ya ukuta.

Assalaam alaykum. Madrasa yetu hapa Unguja ilifanya maulidi, nami nikarekodi kaswida kwa dufu pamoja na mawaidha ya ustadhi. Kulikuwa na kelele za feni na pikipiki za barabarani. Nilipowasha kipengele cha kutenga sauti ya binadamu katika programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, pikipiki zilipotea, lakini na dufu nalo likapotea, na sauti za watoto zinakatikakatika. Mawaidha peke yake ndiyo yametoka vizuri sana.
— *Mzazi, Unguja*

Jibu: Wa alaykum salaam. Kipengele hicho, kilichoingia katika toleo la kulipia la Resolve mwaka 2022, hakifanyi kazi kwa sampuli. Ni cha kizazi kipya cha vichujio ambavyo hufunzwa kwa rekodi nyingi za usemi uliochanganywa na kelele, hadi vikajifunza kuutambua usemi wenyewe. Mfano wa wazi wa kizazi hicho ni RNNoise ya Jean-Marc Valin, iliyotolewa mwaka 2017 na ambayo leo imo ndani ya OBS, programu ya bure ya kurekodi na kurusha video. Swali vinavyojiuliza si "hii ni kelele?" bali ni "huu ni usemi?", na chochote kisichofanana na usemi hutupwa. Kwa kichujio kama hicho, pigo la dufu halina tofauti na mlango uliobamizwa. Watoto wengi wanaoimba pamoja huku wakivuta irabu kwa pumzi ndefu nao hawafanani sana na mtu mmoja anayezungumza, ndiyo maana wanakatika. Wanaofanya vipindi vya kaswida au taarabu kupitia Zoom hukumbana na jambo hilohilo, na dawa yao ni kuwasha mpangilio wa sauti asilia kabla ya kuanza.

Gawa kazi yako mara mbili. Mawaidha yaachie kichujio hicho, kwani umesema mwenyewe kwamba yametoka vizuri, ila punguza kipimo chake ili ibaki hewa kidogo ya ukumbini. Kwenye kaswida kizime kabisa. Kwa kaswida tumia kichujio cha kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 hivi, lakini sikiliza dufu kwanza, kwa sababu likiwa kubwa mwili wake unaweza kushuka hadi huko; kisha punguza feni kwa sampuli na kwa kiasi kidogo. Pikipiki zitasikika. Binafsi sioni ubaya wowote: maulidi yalifanyika mtaani, na mtaa una pikipiki. Kitakachomsumbua msikilizaji ni mahali ustadhi anapomaliza na kaswida inapoanza, pale ukumbi unapotokea ghafla. Ingiza hewa ya ukumbi polepole chini ya maneno yake ya mwisho, nalo pengo halitajulikana.

Mhariri, nawahoji akina mama wanaouza omena hapa Dunga, Kisumu, kwa simu na CapCut. Nikiwasha swichi ya kupunguza kelele, mama akinyamaza kidogo kelele za ufuo zinaruka juu kisha zinashuka akianza tena. Na upepo wa ziwa unapiga mapigo ambayo hayaondoki kamwe.
— *Mwandishi wa habari, Kisumu*

Jibu: Kuruka kwa kelele hakukuanzia CapCut. Simu nyingi hurekebisha nguvu ya sauti zenyewe wakati wa kurekodi: mama akizungumza huishusha, akinyamaza huipandisha zikitafuta kitu cha kusikiliza, na hapo hukuta ufuo. Kelele ambayo kiwango chake kinabadilika hivyo ni ngumu kwa kichujio chochote, kwa kuwa hakuna kipimo kimoja kinachoifaa rekodi nzima. Kama simu yako inakubali programu ya kamera yenye kipimo cha sauti cha mkono, itumie ukifunge kipimo mahali pamoja. Kwa rekodi ulizo nazo tayari, zima swichi, shusha sauti kwa mkono kwenye kila pumziko, kisha tandaza chini ya mahojiano yote rekodi ya dakika moja ya ufuo wenyewe, yenye mawimbi, ndege na wanunuzi wakipatana bei, kwa kiwango hafifu. Kelele inayoendelea bila kukatika hufunika ile inayoruka. Na sidhani kama mtazamaji angependa kumwona muuza omena akizungumza katika ukimya wa studio.

Upepo hausafishiki. Unachokisikia si sauti iliyosafiri hewani bali ni hewa yenyewe inayoipiga maikrofoni, na ikipiga kwa nguvu huijaza hadi vilele vya wimbi hukatwa; maneno yaliyokuwamo wakati huo hayapo tena kwenye faili. Kichujio cha kukata sauti nzito kitapunguza ngurumo, hakitarudisha maneno. Nunua kifuniko cha manyoya cha maikrofoni, au mgeuze mama ili mgongo wake uwe upande wa ziwa na mwili wake uikinge simu. Sponji nyembamba inayokuja na maikrofoni ni ya kuzuia pumzi tu. Upepo wa alasiri utaipita.

Ndugu Mhariri, natengeneza mahojiano ya video hapa Bujumbura. Natoa sauti kwenye video, naisafisha kwenye programu nyingine, naipunguza mapumziko marefu, kisha nairudisha. Dakika za mwanzo midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufikia mwisho mgeni anafunga mdomo huku maneno yakiendelea.
— *Mtayarishaji, Bujumbura*

Jibu: Hapa kichujio cha kelele kinasingiziwa. Kuondoa kelele hakubadilishi urefu wa sauti. Sababu moja iko katika maneno yako, "naipunguza mapumziko marefu": kila pumziko unalolifupisha huisogeza sauti yote iliyobaki, ilhali picha haijui habari hiyo. Mapumziko yakatwe ndani ya programu ya video, picha na sauti zikiwa zimefungwa pamoja, baada ya kusafisha.

Hata hivyo, kwa kuwa unasema sauti ndiyo inayochelewa, yaani maneno yanaendelea wakati mdomo umefungwa, huenda kuna sababu ya pili, kwani kufupisha mapumziko kungeiwahisha sauti, si kuichelewesha. Linganisha kwanza urefu wa faili mbili, ile ya asili na iliyosafishwa. Zikitofautiana kwa karibu sehemu 9 katika 100, na sauti ya mgeni ikawa nzito au nyembamba isivyo kawaida, basi faili ya sampuli 48,000 kwa sekunde (hapa sampuli ni idadi ya mara ambazo sauti hupimwa) imesomwa kama ya 44,100 au kinyume chake. Kazi ya video ibaki 48,000 mwanzo hadi mwisho. Zikiwa sawa, mtuhumiwa ni simu. Simu nyingi hazirekodi picha kwa kasi moja. Hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kulingana na mwanga na joto la simu, na baadhi ya programu za kuhariri huchanganyikiwa kadiri muda unavyosonga. Ipitishe video kwenye HandBrake ambayo ni ya bure, ukichagua kasi isiyobadilika, kabla ya kutoa sauti. Sauti yenyewe itoe kama WAV, yaani faili isiyobanwa. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na kutupa sehemu ya sauti, na kichujio hufanya kazi vibaya juu ya sauti iliyokwisha kubanwa. Kwa sababu hiyohiyo, mkitumiana faili na mwenzako kwa WhatsApp, zitumwe kama dokumenti. Zikitumwa kama video za kawaida, hubanwa upya.

Shikamoo Mhariri. Nilimhoji bibi yangu hapa Bukoba kuhusu historia ya ukoo wetu, na katikati mvua kubwa ikaanza kupiga kwenye bati. Ni programu gani itakayoiondoa mvua hiyo?
— *Mjukuu, Bukoba*

Jibu: Marahaba. Mvua ya kwenye bati hutandaa katika masafa yote, ya chini, ya kati na ya juu, na ikiwa kubwa huipita sauti ya bibi kila mahali anapopumzisha neno. Jaribu kwanza vile vichujio vya kizazi kipya vinavyotambua usemi, kwani hapa, tofauti na kwenye kaswida, vina nafasi. Msemaji ni mmoja na hakuna ala. Viweke nusu ya kipimo, kwa sababu vikishindwa kutambua neno huweza kulimeza au kulikunja likasikika kama neno lingine, na katika historia ya ukoo jina moja lililokunjwa ni hasara. Hifadhi rekodi ya asili bila kuigusa. Kisha kaa na bibi, mchezeshee sehemu zenye mvua, mwombe arudie majina ya watu na ya mahali huku simu ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni mwake, na uyaandike chini ya picha kama anavyoyatamka.